Mwaka Niliotafsiri Bila Chumvi

Tulipomzika Anaeli wa Ndeserua mwezi uliopita, kule karibu na Makumira, waombolezaji walikuwa wengi hata migomba ikakosa pa kusimama. Wakanisukuma mbele niseme machache, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Usomi wangu unajulikana: nina cheti cha shule ya jioni, nilichokipata nikiwa na wajukuu kumi na tisa na meno saba, mbele ya mwalimu aliyekuwa mdogo kuliko soksi zangu. Tangu nikipate, hakuna msiba, harusi wala mkutano wa kahawa unaoisha bila mimi kusema neno, na nikianza, wenye ng'ombe huenda kukamua, wakarudi na kunikuta bado niko kwenye utangulizi. Lakini siku hiyo, mbele ya jeneza, nilisimama kama nguzo. Nikasema, "Huyu na baba yake walituokolea shamba letu," nikaketi. Watu wakaguna. Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Leo Babu kaishiwa betri!" Wakacheka, na mimi nikacheka nao, ila kicheko changu hakikufika tumboni. Nilipofika nyumbani Sekei niliomba daftari la mjukuu, nikaanza kuandika yale niliyoshindwa kuyasema.

Mimi ni mtia chumvi, sikatai. Chui niliyemwona Oldonyo Sambu nikiwa kijana alikuwa na ukubwa wa mbuzi. Leo, kwa jinsi nilivyomlisha kwa miaka hamsini, amefikia urefu wa gari la moshi. Lakini mwaka mmoja, zamani za Mjerumani, nilisema neno moja kama lilivyo, bila kulitia punje ya chumvi, na neno hilo nusura litutoe nyumbani.

Mwaka huo alikuja kwetu Mjerumani ambaye hakuwa wa bunduki. Watu wa boma walimwita Daktari, nasi tukampelekea mtoto mwenye homa. Akamtazama kwa huzuni akasema udaktari wake ni wa mambo ya kale. Alikuwa mwanahistoria. Kwao alifundisha katika shule kubwa ya wakubwa, na nusu ya umri wake ilikuwa imeishia huko Asia, katika visiwa vya Java na Bali, akisoma maandishi ya wafalme na wakulima waliokufa karne mbili au tatu kabla yake. Sasa alitaka kulinganisha. Alitaka kujua watu wa milima yetu walivyogawana maji na ardhi tangu zamani, ayaweke kando ya yale aliyoyasoma kule, aandike kitabu kimoja kizito. Hema lake lilisimamishwa juu kidogo ya Sekei, na ndani yake kulikuwa na harufu ya kahawa, kafuri na soksi zilizolowa. Alikula mayai manne kila asubuhi, na yai la nne alilimenya huku akisoma, kwa hiyo maganda mengine aliyala. Juu ya sanduku, ndani ya kitambaa cha manjano, aliweka kitabu kisicho na karatasi: vipande virefu vya majani ya mvumo, vimekwaruzwa maandishi madogo kama nyayo za sisimizi, vimetungwa kwenye uzi. Aliniruhusu nikishike baada ya kunawa mikono mara mbili. "Hiki ni cha mashamba ya mpunga huko Bali," aliniambia. "Kila shamba, kila zamu ya maji, na majina ya waliolima, baba, babu, mpaka mwanzo. Wafu wote wamo humu." Nilikirudisha haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Aliniajiri niwe mkalimani kwa sababu nilijua Kimaa cha nyumbani kwetu Waarusha, Kimeru cha majirani, na Kiswahili nilichokiokota bomani kwa kubeba mawe na kuwasikiliza askari wakitukanana. Matusi nilikuwa nayo kamili, yaliyobaki nilijazia. Mpishi wake, Mzee Feruzi, mtu wa Tanga, alikuwa akinisikia anaziba masikio. "Kiswahili chako, ndugu yangu, kimepanda mlima kwa magoti," alisema. Nami nikamjibu, "Na wali wako, mzee, umeshuka mlima kwa matako." Tukawa marafiki. Daktari hakucheka nasi. Siku ya kwanza aliniketisha kwenye kreti akaninyooshea kidole. "Sitaki uwe mwerevu. Nataka uwe kama mifereji yenu: maji yaliyoingia juu ndiyo hayo hayo yatoke chini. Usiongeze, usipunguze. Na jina lolote nitakaloandika, nitaliandika likitoka kinywani mwako, polepole, mara mbili. Nimefanya hivyo kila kijiji." Niliapa. Nilikuwa na miaka kama ishirini na miwili, na hakuna mtu mkubwa aliyewahi kuniomba niwe mkweli. Heshima hiyo ilinipanda kichwani kama pombe.

Siku ya kwetu ilipofika, Daktari aliketi na ramani yake uani kwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu. Mama alikuwa ametandaza ngozi, wazee wakakaa. Akaonyesha bonde la nyasi chini ya mfereji, linaloshuka mpaka kwenye kijito kinachotutenga na Wameru. Shamba hilo lilikuwa la baba. Tangu ndui ilipomchukua, hatukulitia jembe. Ng'ombe walilishwa humo na sisi tukasubiri, kwa desturi yetu, mpaka wanawe wote tupite jando na rika letu litulie. Daktari akauliza, "Hapa palikuwa pa nani?" Baba mdogo akatazama ardhi. Wazee wakatazama ardhi. Nzi wakasikika wakitembea. Kwetu mtu akiondoka, jina lake huondoka naye. Mke halitaji, ndugu halitaji, na mtoto ndiye asiyelitaja kabisa. Mtoto akitaja jina la baba aliyekufa anahesabiwa amejitoa mwenyewe nyumbani, naye hukaa kwa watu baki. Mwisho baba mdogo akasema neno ambalo kila Mwarusha analielewa kuwa ni mlango uliofungwa kwa adabu: "Pale hakuna mtu. Ni nyasi." Daktari akanigeukia. Nami, mfereji wa kiapo, mkweli mpya kabisa, nikasema kwa Kiswahili safi: "Pale hakuna mtu, Bwana. Ni nyasi." Akaandika. Akachukua kalamu ya kijani, akalipaka lile bonde taratibu, kama mtu anayepaka siagi.

Nilijiona hodari mpaka kesho yake mchana. Bwana mmoja wa boma alikuja hemani, na mimi nilikuwa jikoni na Feruzi tukinyonyoa kuku. Walizungumza Kijerumani. Feruzi alikuwa amewapikia Wajerumani miaka mingi na alisikia zaidi ya alivyokiri. Nikamwona mkono umeganda kwenye manyoya.

"Wanasemaje?" nikanong'ona.

"Nyonyoa."

"Mzee Feruzi, wanasemaje?"

"Yule wa boma anaomba ramani. Anasema ndiyo masharti waliyopatana Daktari alipopewa kibali cha kuzunguka. Pasipo na mwenyewe pawe pa serikali." Akasikiliza tena. "Anasema kuna Kaburu amelala na magari yake ya ng'ombe huko chini, anangoja mahali penye maji. Daktari anasema atapeleka ramani siku ya tano. Na ile ya kijani iliyo kando ya kijito, yule bwana ameigonga kwa kidole mara tatu. Ndugu yangu, ya nani ile?"

 Kuku alianguka majivuni.

Bwana wa boma alipoondoka niliingia hemani bila kubisha, nikamweleza Daktari yote: desturi, jina, baba, nyasi. Nilisema kwa Kiswahili kilichokimbia mpaka kikajikwaa. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya kile kitabu cha mvumo. Kisha akasema kwa upole, na upole ndio ulionitisha, "Jana hapakuwa na mtu. Leo, baada ya kuona ramani, pana baba yako. Ungekuwa mimi, ungeandika lipi?"

"La leo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kweli!"

"Wewe ni mwana, na shamba unasema ni lako. Neno lako kuhusu shamba lako, katika kazi yangu, halina uzito wa unyoya." Akafungua kitambaa cha manjano. "Kule Bali wakulima walinitajia wafu wao mpaka nikaomba wanyamaze. Mwenye ardhi huwataja waliomtangulia. Hapa hakuna aliyetaja hata mmoja."

Nikamwambia kule ni kule na hapa ni hapa. Nadhani hakuna mwanafunzi aliyewahi kumjibu hivyo, maana alinitazama kwa muda mrefu. Leo, baada ya cheti changu, najua nilikuwa nimegusa kidonda cha kazi yake: ukilinganisha vitu viwili, wepesi ni kukipima cha pili kwa fimbo ya cha kwanza. Siku hiyo sikujua lolote.  Daktari akasema, kana kwamba anajisemea, "Nilipotaka habari za mfalme wa Java sikuzitafuta kwa karani wake. Nilizitafuta kwa jirani aliyemchukia. Adui hakusifu bure. Niletee mtu wa namna hiyo kabla ya siku ya tano."

Jirani aliyemchukia baba yangu sikuhitaji kumtafuta. Alikuwa ng'ambo ya kijito, Mmeru, jina lake Ndeserua, na alikuwa na kovu kutoka sikioni hadi kwenye kidevu ambalo baba alimwandikia kwa sime siku walipogombea zamu ya maji. Nikisema kovu hilo lilikuwa refu kama barabara ya Moshi nitakuwa nimetia chumvi, lakini kidogo tu. Nilivuka asubuhi. Nyumba yake ilikuwa ya duara, imeezekwa majani ya migomba mpaka chini, na ndani ng'ombe watatu walikuwa wamefungwa upande wa kushoto, wakicheua bila haraka. Anaeli, mwanawe, rika langu, ndiye aliyenipokea mlangoni.

"Mwarusha amepotea njia," akasema. "Maziwa yamewaishia?"

"Maziwa yapo. Nimekuja kumwona mzee."

"Kumwona upande upi? Ule mzuri au ule mliouchora?"

"Anaeli," sauti ikatoka gizani, "mpe mgeni kigoda kwanza. Utamtukana akiwa ameketi."

Wakanipa ndizi zilizopikwa na nyama, na kibuyu cha pombe ya ndizi.  Nikaeleza shida yangu. Ndeserua alikula sahani yake yote, akalamba vidole kimoja kimoja, kisha akasema, "Kwa hiyo mwana wa yule anakuja kuniazima ulimi."

"Ndiyo, mzee."

"Nikikataa?"

"Mzungu atapewa mpaka kwenye kijito."

Anaeli akacheka. "Basi tutapata jirani mpya, baba. Pengine huyu hana sime."

"Huyu ana bunduki, mpumbavu," mzee akasema. "Na ng'ombe wake watakunywa wapi? Mfereji wa nani?" Akapitisha kidole kwenye kovu, polepole. Nilingoja aseme neno la huruma; hakulisema. "Baba yako alikuwa mtu mbaya sana wa jirani," akaniambia. "Alikuwa akifungua maji yangu alfajiri, halafu anakuja kunisalimia. Nenda. Sikuahidi. Miguu ikikubali nitakuja."

Siku ya tatu hakuja. Siku ya nne hakuja. Baba mdogo aliposikia nimevuka kwenda kwa Wameru alitema mate karibu na mguu wangu na kusema nimewavua nguo wazee wote.  Mama alikuwa akikoroga uji, na mwiko ukapiga chungu kwa nguvu kuliko uji unavyotaka. Nilimsikia akimwambia jirani nyuma ya zizi, "Nikipoteza lile bonde nitakwenda wapi na mifupa hii? Kwa kaka yangu, nikakae jikoni kwa mkewe?" Nikajua kwamba shamba langu lilikuwa kwanza shamba lake. Asubuhi ya siku ya tano wapagazi walikuwa wameshafunga masanduku ya Daktari, na ramani ilikuwa ndani ya bomba la bati, shingoni mwa askari. Hapo Feruzi akaniita kwa mluzi. Kando ya mfereji walikuwa wanashuka watu wawili, mmoja ana kovu, na mwingine, Anaeli, amebeba kigoda cha babaye kichwani kama taji, anacheka.

Daktari akakubali saa moja, si zaidi. Tukakusanyika pale pale, ukingoni mwa bonde. Wazee wetu walikaa mbali, wamegeuza mabega. Mama na wanawake wengine walisimama nyuma yao. Ndeserua akaketi, akanyoosha fimbo. Alizungumza Kimeru, nami nikatafsiri. Alisema pale ndipo palipokuwa na nyumba ya baba yangu, na yale mawe matatu ni ya jiko lake. Alisema mfereji ulichimbwa na marika mawili, la kwao na la kwetu, na akaeleza wapi walikutana na mwamba na nani alivunjika kidole. Akaonyesha kovu na mahali alipolipata, hatua kumi kutoka pale tulipoketi. "Nilimchukia mtu huyo," akasema, "lakini sijawahi kusema maji haya si yake. Tuligombea zamu. Mwenye zamu ndiye mwenye shamba." Kalamu ya Daktari ilikuwa inakimbia. Kisha Ndeserua akataja majina. La babu wa babu yangu. Nikalirudia, mara mbili. La babu yangu, ambaye sikumwona. Nikalirudia huku jasho likinitoka kwenye kope. Halafu akataja jina la baba. Nilikuwa sijalisikia tangu nilipokuwa mtoto, na lilinipiga kifuani kama mtu aliyeingia mlangoni akiwa na kofia yake.

Wanawake wakaguta. Baba mdogo akainuka akaondoka, hakutazama nyuma. Daktari akaniangalia, kalamu juu. "Rudia."

Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Nimesikia mlio tu, sijasikia jina. Kila kijiji nimeandika kwa mkalimani. Sitaanza hapa kuandika kwa njia nyingine." Kisha kwa sauti ya chini, "Tafadhali. Ukilisema, nafuta kijani."

Wasomaji wangu, mimi ambaye sijawahi kukosa neno, mimi niliyemjibu hata hakimu kabla hajauliza, nilikosa neno moja. Nilitazama bonde, nikamtazama Ndeserua, naye akatazama pembeni kwa adabu. Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimeamua kulisema. Silabi ya kwanza ilikuwa tayari kwenye meno, na najua kwamba ningelisema, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kufikiria nyumba ya watu baki nitakayolala.

Mama akatembea katikati ya wazee. Kwa desturi mwanamke hapiti hapo. Alisimama mbele ya meza ya Daktari, akasema jina la mumewe kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwita aje kula. Akalisema tena, polepole, kama alivyosikia mzungu anavyotaka. Baada yake hakuna aliyeguta. Wanawake walikuwa wamefunika nyuso, na mzee mmoja alikuwa analia wazi wazi huku kamasi zikimtoka. Daktari aliwatazama mmoja mmoja, muda mrefu. Hakuandika upesi. Nadhani ndipo aliposoma kitu ambacho hakikuwa kwenye majani ya mvumo. Akaandika jina. Akaomba mkate kutoka kwa Feruzi, akafinyanga kipande cha ndani mpaka kikawa kidonge, akaisugua ile kijani mpaka karatasi ikaanza kutoka manyoya.

"Kitabu changu kina sura moja ambayo itabidi niiandike upya," akaniambia akiwa anafunga bomba la bati. Kama aliiandika, sijui. Jina la baba liko huko Ulaya, kwenye karatasi fulani. Mimi hapa silitaji, mtanisamehe. Cheti cha shule ya jioni hakikubadilisha hilo.

Mama alikuwa ametaja jina la mumewe, kwa hiyo alirudi siku ya kwanza ya ujane. Alasiri ile ile alivua shanga zote, akanyoa kichwa, akakaa ndani na kuacha kusalimia watu. Alikaa hivyo mpaka mvua za mwaka uliofuata. Siku watu wa boma walipokuja kupanga mawe ya mpaka, walipita ng'ambo ya kijito bila kusimama, wakashuka mbali kabisa upande wa chini, na gari la Kaburu likawafuata. Nilikimbia kumwambia. Alikuwa ameketi kando ya jiko, kichwa kinang'aa kama kibuyu kipya, na nilipokiona maneno yakanipotea kwa mara ya pili mwaka huo.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Mume nimefiwa naye mara mbili, nimeweza. Ungelisema wewe, ningefiwa na mtoto."